Majira ya Baridi Mpakani mwa Arizona: Panga Safari kwa Tangi la Maji

Usiku wa kawaida wa Januari mjini Minneapolis kipimo hushuka hadi nyuzi 13 chini ya sifuri, na mchana wenyewe mara nyingi haufiki sifuri. Wakati huohuo Yuma, mji wa Arizona ulio jirani kabisa na Meksiko, mchana hufika nyuzi 20 na ushee, jua linawaka kuanzia asubuhi hadi jioni, na mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki sentimita 10. Ndiyo sababu kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Machi, barabara za kusini hujaa magari-nyumba: magari yenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, mengine yakiwa na injini zao na mengine trela za kuvutwa. Wengi wanaosafiri hivyo ni wastaafu wa Marekani na Kanada, lakini hakuna sababu ya raha hiyo kubaki yao peke yao. Familia zetu zilizoko Minnesota, Ohio au Ontario, zenye watoto waliofungiwa ndani tangu theluji ya kwanza, zinaihitaji pengine kuliko wao. Kwa familia inayofikiria safari hiyo kwa mara ya kwanza nina ushauri mmoja, na yote yatakayofuata ni sababu zake: chagua mahali pamoja, au pawili kwa wingi, ukae hapo. Usiipange safari kwa kutazama ramani na kuhesabu miji. Ipange kwa kutazama tangi la maji.

Najua ushauri huu unakwenda kinyume na jinsi wengi wanavyolielewa gari-nyumba. Mtu akishapata nyumba yenye magurudumu hutaka izunguke: leo Tucson, kesho Yuma, keshokutwa San Diego, na tukirudi tupitie Grand Canyon. Hebu kwanza tufanye hesabu ya mafuta. Gari-nyumba la ukubwa wa kati hula lita 25 hadi 30 kwa kila kilomita 100. Kutoka Minneapolis hadi Yuma ni karibu kilomita 3,000, yaani zaidi ya lita 750 za petroli kwenda tu, kabla hujapika hata chai. Isitoshe, gari linalotoka kaskazini wakati wa baridi hutolewa maji yote na kutiwa dawa ya kuzuia barafu mabombani, hivyo kwa siku tatu au nne za njiani unalipia bafu usiloweza kuogea na sinki usiloweza kuoshea vyombo. Mwenye likizo ya wiki mbili afike Phoenix kwa ndege au kwa gari lake dogo, akodi gari-nyumba hukohuko. Na hapo pia anayekaa ndiye anayefaidi, kwa sababu kampuni nyingi za kukodisha hutoa idadi fulani ya maili kwa siku na kudai malipo kwa kila maili inayozidi. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi, hasa vipengele vinavyohusu barabara za vumbi, jenereta na kuvuka kwenda Meksiko. Mikataba mingi inakataza la kwanza na la tatu, na jenereta huweza kutozwa kwa saa.

Sasa maji. Gari-nyumba la kawaida hubeba lita 150 hivi za maji safi. Chini yake mna matangi mengine mawili, moja la maji ya sinki na bafu, jingine la choo. Familia ya watu wanne inayotumia lita 15 kwa kila mtu kwa siku itamaliza tangi kabla ya siku ya tatu kwisha. Bafu la gari hutoa lita 6 au 7 kwa dakika. Mtoto akisimama chini yake dakika tano amekwisha kutumia mgao wake wa siku mbili. Hapa lakini malezi yetu ni msaada mkubwa. Aliyekua akioga kwa ndoo na kopo anajua kwamba lita tano zinamtosha mtu mzima, sabuni na yote, na vyombo vikifutwa kwanza kwa karatasi huoshwa kwa beseni moja dogo. Kwa nidhamu hiyo familia ileile hushuka hadi lita nane kwa mtu na kukaa karibu siku tano bila kwenda kujaza. Tofauti kati ya siku mbili na siku tano ndiyo tofauti kati ya kupumzika na kuhangaika, kwani kila kujaza kunadai kukunja viti, kufunga makabati, kuendesha hadi kituoni, kupanga foleni, kumwaga majitaka, kisha kurudi na kukuta sehemu yako nzuri imechukuliwa. Kumwaga maji ya sinki jangwani usiku kwa kudhani yatakauka tu ni kosa la kisheria kwenye ardhi nyingi za umma, na ni ukosefu wa adabu kila mahali.

Mfumo wenyewe wa ardhi za umma umejengwa kwa ajili ya mtu anayekaa. Idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia sehemu kubwa ya jangwa hilo, BLM, huruhusu kupiga kambi bure mahali pengi kwa siku 14 katika kila siku 28, kisha unatakiwa kuhama. Tangu mwaka 1983 imekuwa pia na maeneo maalumu ya wakazi wa msimu, yanayofunguliwa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Maarufu kuliko yote ni La Posa, nje kidogo ya mji wa Quartzsite, zinapokutana barabara kuu ya 10 na ile ya 95. Kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 180 kwa msimu mzima na dola 40 kwa siku 14. Bei hizo hubadilika, uliza kabla ya kwenda, lakini kiasi hicho kinaonyesha tunazungumzia jambo la namna gani: kwa fedha isiyotosha usiku mmoja wa hoteli nzuri, familia inapata wiki mbili, pamoja na maji na mahali pa kumwaga majitaka. Umeme hakuna. Quartzsite yenyewe ni mji mdogo wa wakazi wachache wakati wa kiangazi, na Januari, wakati wa maonyesho yake ya magari-nyumba, hufurika watu kiasi cha kupoteza utulivu wake, hivyo mwenye watoto aende Desemba. Akiwa huko apite makaburini. Humo amezikwa Hadji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pale jeshi lilipojaribu kutumia ngamia kubeba mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake limejengwa piramidi dogo la mawe lenye sanamu ya ngamia kileleni. Kwa watoto wa Kiislamu wanaokulia Marekani, hilo ni somo la historia lisilopatikana kirahisi darasani.

Sababu ya pili ya kukaa ni usiku. Anayesikia neno jangwa huwaza joto na kuacha mablanketi nyumbani. Hewa kavu haishiki joto; jua likizama, nyuzi 20 za mchana hushuka upesi hadi nyuzi 8 au 5, na kwenye sehemu za miinuko maji huganda kabla ya alfajiri. Gari lina hita ya gesi, kweli, lakini feni inayosukuma hewa yake hutumia betri. Betri moja ya kawaida ya saa-ampea 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, na hita inayowaka na kuzima usiku kucha yaweza kula zaidi ya nusu ya hiyo nusu. Ongeza taa, pampu ya maji na simu nne zinazochajiwa, na saa kumi alfajiri feni inazima. Mwenye kukaa mahali pamoja hujifunza hesabu hii ndani ya siku mbili: huelekeza paneli za sola kusini, hujua ni saa ngapi betri imejaa, huzima hita wakati wa kulala na kutegemea mablanketi. Anayehama kila siku huanza upya kila jioni. Neno moja hapa nalisema kwa msisitizo wote: usiwashe jiko la gesi ili kupasha chumba, wala usilale na hita ya gesi ya kubebeka ikiwaka. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu na huua watu usingizini. Kijaribu king'ora cha gesi hiyo siku ya kwanza, mbele ya anayekukodisha, kabla hujatia sahihi.

Sababu ya tatu ni mpaka, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ndiyo nzito kuliko zote. Mstaafu wa Kanada anaweza kuuchukulia mpaka kama mandhari tu. Mkongomani mwenye hadhi ya ukimbizi, Mtanzania mwenye viza ya masomo au Mkenya anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi hawezi. Askari wa mpakani hawako kwenye mstari wa mpaka tu. Wana vizuizi vya ukaguzi ndani kabisa ya nchi, katika barabara zinazoelekea kaskazini: kwenye barabara ya 95 juu ya Yuma, kwenye ya 19 kati ya Nogales na Tucson, na kwingineko. Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha vizuizi hivyo mwaka 1976. Askari anaruhusiwa kukusimamisha na kukuuliza uraia wako bila kukushuku kwa lolote. Kupekua gari ni jambo jingine, linahitaji ridhaa yako au sababu ya msingi. Sheria ya shirikisho inamtaka asiye raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi abebe hati yake ya usajili muda wote, na kwa mkazi wa kudumu hati hiyo ni grini kadi yenyewe. Picha ya kadi kwenye simu haihesabiki. Aliyezaliwa Marekani, au aliyekwisha kuapishwa kuwa raia, hatakiwi kubeba hati yoyote ndani ya nchi, ila nashauri achukue pasipoti, kwa kuwa lafudhi na rangi huleta maswali ambayo karatasi hufupisha. Kila unapohama kwenda kaskazini ukarudi kusini unapita vizuizi hivi upya. Anayekaa hupita mara moja, akirudi nyumbani.

Lipo jambo ambalo vijana wengi hawalijui na limewagharimu watu. Bangi ni halali kwa watu wazima chini ya sheria za majimbo ya Arizona na California. Chini ya sheria ya shirikisho si halali, na kizuizi cha mpakani ni cha shirikisho, chenye mbwa waliofundishwa kunusa. Raia anaweza kutoka na faini. Asiye raia anaweza kuharibu ombi lake la ukazi au uraia kwa pakiti ya peremende zenye bangi zilizonunuliwa dukani kwa risiti. Msiibebe, na mgeni mnayempa nafasi garini aulizwe kabla ya kupanda.

Na Meksiko je? Kishawishi kiko wazi: karibu na Yuma upo mji mdogo wa Los Algodones wenye mamia ya madaktari wa meno, na maelfu ya wasafiri huegesha magari upande wa Marekani kwenye kiwanja cha kabila la Quechan, wakavuka kwa miguu, wakatibiwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya Marekani na kurudi jioni. Kwa raia na kwa mkazi wa kudumu mwenye pasipoti halali na grini kadi mkononi, ni safari ya kawaida. Meksiko haimdai mkazi wa kudumu wa Marekani viza, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au Kongo. Mkimbizi ambaye hajapata grini kadi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na aiombe kabla ya kuondoka. Anayesubiri hifadhi asivuke kabisa. Akitoka bila kibali cha awali cha kurejea huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake, na jino la dola mia mbili halistahili hasara hiyo. Kuvuka na gari lenyewe sikushauri mtu wa safari ya kwanza: bima ya Marekani haitambuliki kule kwa madhara unayomsababishia mwingine, hivyo ni lazima kununua ya Meksiko. Silaha na risasi, hata risasi moja iliyosahaulika kwenye droo, ni kesi ya jela. Vituo vya mpakani navyo huweza kufungwa bila taarifa ndefu. Tarehe 4 Desemba 2023 Marekani ilikifunga kituo cha Lukeville, kilicho kwenye njia ya kwenda ufukwe wa Puerto Peñasco, ikakifungua tena tarehe 4 Januari. Waliopanga likizo yao kwa kutegemea njia hiyo walilazimika kuipanga upya. Waliokuwa wamepiga kambi kilomita chache kaskazini yake, kwenye hifadhi ya Organ Pipe, hawakulazimika kubadili chochote.

Wapo watakaosema: mpaka si mahali pa kupeleka watoto. Hofu hiyo siidharau, na ina historia. Mwaka 2002 askari wa hifadhi ya Organ Pipe, Kris Eggle, aliuawa kwa risasi na wahalifu waliokuwa wakikimbia kutoka Meksiko, na kituo cha wageni cha hifadhi kina jina lake. Sehemu kubwa ya hifadhi ilifungwa kwa miaka, kisha ikafunguliwa tena. Kambi rasmi leo zina walinzi, majirani wengi na doria za kila siku, na linaloua wageni zaidi jangwani ni kiu, joto na barabara. Anayekaa kambi moja hujuana na majirani, hujua gari lipi ni la nani, na hujua simu inashika mtandao wapi. Usalama huo mpita njia hana. Tangu 2025 serikali imekabidhi kwa jeshi baadhi ya vipande vya ardhi vilivyo kando ya mpaka, kwanza New Mexico na kisha kwingineko, na kuingia humo ni kosa. Mbao za onyo zisomwe, na matembezi ya kuufuata ukuta ili kupiga picha yaachwe.

Yawezekana pia mtu akaja kambini kwako akiomba maji. Wengine wanaopita jangwa lile ni Waafrika wenzetu, na swali la kufanya nini halikwepeki. Mpe maji, mpe chakula, piga simu 911 kama hali yake ni mbaya. Usimpakie. Kumsafirisha mtu asiye na kibali huku ukijua ni kosa kubwa la shirikisho, na kwa asiye raia ni njia ya kufukuzwa nchini. Mwalimu Scott Warren wa mji wa Ajo alishtakiwa kwa kuwahifadhi wahamiaji wawili kwa chakula, maji na mahali pa kulala, na mwezi Novemba 2019 baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Maji si uhalifu. Lakini ilimchukua karibu miaka miwili kufika hapo, akiwa raia mwenye mawakili.

Pingamizi jingine ni kwamba kukaa mahali pamoja kutachosha watoto. Nadhani anayesema hivi hajalitazama jangwa hili la Sonora, ambalo kwa mimea ni tajiri kuliko majangwa mengi duniani. Hifadhi ya Organ Pipe, iliyotangazwa mwaka 1937, ina kambi ya Twin Peaks yenye nafasi 208, maji, na mahali pa kumwaga majitaka. Umeme haupo, na jenereta huruhusiwa kwa muda wa saa mbili wakati wa asubuhi na saa mbili nyingine wakati wa alasiri tu, hivyo usiku ni kimya na nyota huonekana zote. Kuna midungusi kakati ya mashina mengi inayochomoza toka ardhini kama filimbi za kinanda cha kanisani, na ni adimu kuiona kwingine kokote Marekani. Njia ya Ajo Mountain ni mzunguko wa kilomita 34 za barabara ya vumbi ambako magari-nyumba makubwa hayaruhusiwi, kwa hiyo gari dogo ni la lazima. Nchi hii yote ilikuwa ya Watohono O'odham kabla mkataba wa 1853 haujachora mstari wa mpaka katikati ya makazi yao. Ardhi yao ya sasa inapakana na hifadhi, na kupiga kambi humo kunahitaji kibali cha taifa lao. Ukihamia Yuma wiki ya pili utaona mashamba ya letasi yanayolisha karibu Marekani nzima na Kanada wakati wa baridi, yakivunwa na vibarua ambao wengi huvuka mpaka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto aliyezoea kuona mboga kwenye mfuko wa plastiki atakumbuka mikono ile.

Nimalizie na afya, maana hapa ngozi yetu inahusika moja kwa moja. Udongo wa Arizona, hasa kuzunguka Phoenix na Tucson, una kuvu anayesababisha homa ya bonde. Huvutwa pamoja na vumbi, na wengi hupata mafua tu yakapita. Taasisi za afya za Marekani zinaeleza kwamba watu weusi, wajawazito na wenye kinga dhaifu wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Dalili hufanana na nimonia, na huanza wiki moja hadi tatu baada ya vumbi kuvutwa, yaani baada ya kurudi nyumbani, kwa daktari wa Ohio asiyeufikiria ugonjwa huu. Kikohozi na uchovu vikidumu, mwambie ulikuwa Arizona, umwombe kipimo kwa jina. Na hapa tena anayekaa ana nafuu: hachimbi, hafuati njia za vumbi nyuma ya magari mengine, na siku ya upepo hufunga madirisha akasoma kitabu.

Kama likizo yenu ni ya Desemba, nafasi ya Twin Peaks na gari la Phoenix vitafutwe mapema, kabla ya Oktoba kwisha. Siku hiyohiyo toa pasipoti na kadi za familia nzima uangalie tarehe za kuisha muda, na kama kuna mmoja kati yenu ambaye hati zake bado ziko njiani, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujalipa hata dola moja ya amana.